Samaki wa Mzee Hawakai na Kila Mtu

Alhamisi, mwezi wa saba. Ukungu umekalia vilima vya Iveti tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga. Baridi imeingia mpaka kwenye vijiko. Mimi sina furaha, sina huzuni. Niko tu.

Mjukuu wangu Ndinda ndiye alinifungulia ukurasa huu baada ya matanga. Alisema, susu, ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, kama huwezi kulia basi andika. Niliishia darasa la nne, na wale wanaotaka kunisahihisha herufi waanze na watoto wao, wanaopita barabarani bila kusalimia watu.

Sijalia. Niseme hivyo ili tumalizane. Mzee wangu tulimzika mwezi wa tano, na pale kaburini watu walinitazama wakingoja. Hawakupata kitu. Ukilalia mkono mpaka ufe ganzi, unauona ni wako lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine. Ndivyo nilivyo, mwili mzima.

Leo nataka kuandika habari ya samaki.

Mzee alifanya kazi Nairobi miaka mingi, kufagia na kupiga deki kwenye ofisi iliyokuwa na tangi la kioo la samaki pale wageni wanapongojea. Ofisi ilipohama wakamwachia lile tangi. Wanaume wengine wakistaafu wanarudi nyumbani na redio, na mabati, na wengine na pikipiki. Wangu akarudi na kioo. Akakiweka sebuleni karibu na televisheni, akatia maji, akapanga mawe, akatia samaki, akavuta kiti. Majirani wakaja kutazama. Swali lao lilikuwa moja: mtawakaanga lini?

Sisi wa huku juu samaki hatukuzaliwa nao. Mbuzi tunawajua, kuku tunawajua, nyuki tunawajua sana. Lakini samaki wa kutazamwa tu, asiyeliwa, asiyelia, asiyefukuza hata mwizi? Niliona ni upuuzi wa mtu aliyekosa kazi. Akianza kunieleza habari zao nilimwambia nina mboga ya kuchuma. Akarudi kwenye kiti chake. Hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Halafu akafa, na nyumba ikajaa watu wa matanga. Wamama wa kanisa, ukoo mzima kutoka Ekalakala, kila mtu na simu yake, kila simu na njaa yake. Mtu akachomoa pampu ya hewa ya samaki kwenye soketi ili achaji simu. Sijui ni nani. Siku nitakayomjua atanijua. Na binamu mmoja wa Mzee alisimama pale akiwatupia vipande vya chapati, ati hata wao wale chakula cha matanga. Tumeua samaki kwa ukarimu. Tuliporudi kutoka kaburini maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na wote wanaelea.

Isipokuwa mmoja.

Ni wa bluu, mpana kama kiganja cha mtoto, na kifuani ana nyuzi mbili ndefu kama ndevu zilizokosea mahali pa kuota. Huyu hangoji pampu. Anapanda juu mwenyewe, anameza hewa, anashuka. Mzee alimwita Chifu, kwa vile hapendi kupitwa mbele. Mbuzi nililisha mimi, kuku nililisha mimi, Mzee mwenyewe nilimlisha mimi. Chifu peke yake ndiye aliyekula kutoka mkono wa Mzee kila siku.

Sasa itabidi nimtaje Kalekye.

Kalekye ni mke mwenza wangu. Mzee alimuoa mimi nikiwa nimeshamaliza kuzaa, akamjengea kule Masii, mbali na macho yangu, na hilo ndilo jambo la busara kuliko yote aliyofanya. Alimzalia mtoto mmoja, Kyalo. Watu humwita Mama Kyalo kwa heshima. Mimi namwita Kalekye. Kwenye mazishi alilia kwa niaba ya nyumba zote mbili. Nilimpa maji ya kunywa.

Kabla mwezi haujaisha akanipigia simu. "Mama Musyoka, nisikilize kabla hujakata. Mashamba na mbuzi, hayo wazee wa ukoo watagawa, mimi sitii neno. Nipe tu yule wa bluu."

Nikamwambia yule habanduki hapa. Ndipo nikakata. Baadaye nikajiuliza, amejuaje kwamba kuna wa bluu? Mguu wake haujawahi kuvuka mlango wangu mpaka siku ya matanga, na siku hiyo macho yake yalikuwa yamevimba hayaoni hata sufuria.

Wiki zikapita. Chifu akaanza kujificha nyuma ya jiwe kubwa. Rangi ikamtoka, akawa kama leso iliyofuliwa sana. Nikasema ni upweke, kila kiumbe kinataka mwenzake. Wiki iliyopita nikaenda mjini mwenyewe kumnunulia wenzake, nikachagua kama ninavyochagua vifaranga: mchangamfu, macho safi, rangi ya kupendeza. Nikaleta wadogo wenye mikia mipana kama gauni la bibi harusi. Nikawamimina ndani.

Chifu akatoka nyuma ya jiwe papo hapo. Nikajisifu. Nikadhani anakaribisha wageni.

Kulipokucha gauni zote zilikuwa matambara. Alikuwa akiwafukuza kona kwa kona, na tangi zima lilikuwa kona yake. Hakupona hata mmoja. Niliwazika kwenye sukuma wiki. Naye akarudi nyuma ya jiwe lake, akaacha kula kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Chifu akifa, Mzee atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii mikononi mwangu. Kwa wale wa kwanza niliwalaumu watu wa simu. Huyu nitamlaumu nani?

Nilimpigia Kalekye. Sikusalimia. Nikamwambia, "Samaki wako anakufa."

"Ulimtilia wenye mikia mirefu?"

Nikatazama lile jiwe kubwa.

"Mama Musyoka. Ulimtilia wenye mikia mirefu."

"Ndio walikuwa wazuri."

"Nakuja," akasema.

Amefika leo asubuhi, kapu mkono mmoja, kuku wa kienyeji kwapani, maana mtu haji mikono mitupu nyumba iliyofiwa, hata kama ni nyumba ya mke mwenzake. Amesimama mlangoni mpaka nikamwambia aingie. Nikampa chai. Akainywa akimtazama Chifu, si mimi. Halafu akaanza kusema, na alijua kila kitu. Anayekaa juu, anayekaa chini, anayekula wenzake, anayekufa kwa hofu bila kuguswa. Nikamuuliza alisomea wapi hayo.

Akasema Mzee alikuwa akimpigia kila jioni kumweleza habari za samaki. Akienda Masii alichora tangi kwa kijiti hapo uani, akimwonyesha nani anaishi wapi.

Kumbe maneno alikuwa nayo.

Nilingoja kifua kiseme kitu. Hakikusema. Nikaosha vikombe.

Tukaenda dukani. Mwenye duka ni mama wa Kiislamu, wazazi wake walitoka pwani, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona aibu kufungua mdomo. Akatukaribisha, akauliza kama sisi ni mtu na dada yake. Kalekye akatazama viatu vyake. Nikasema, "Tumezika mume mmoja."

Yule mama akatupa pole, akavuta viti viwili. Halafu akatabasamu kidogo. "Basi nyinyi mambo ya kuishi pamoja mwayajua kuliko samaki wangu."

"Hatujawahi kuishi pamoja," nikamjibu. "Yeye Masii, mimi hapa. Ndiyo maana sote tuko hai."

Kalekye akacheka. Alijaribu kuziba mdomo na leso lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka. Mimi sikucheka. Lakini sikumkataza.

Nilidhani kuchagua samaki ni kutazama uzuri. Sivyo. Kila mara niliponyoosha kidole Kalekye alitikisa kichwa. Yule ni mdogo mno, ataonekana chakula. Yule anapenda kung'ata nyuzi za wenzake, atamnyonyoa Chifu ndevu. Wale wa dhahabu wanataka maji baridi na wanachafua kama ng'ombe. Yule wa bluu kama Chifu, hapana kabisa, madume mawili ya namna ile hayakai kioo kimoja. Akaniambia maji yana ghorofa. Chifu ni wa juu, asiletewe mwingine wa juu. Katikati nitie wanene wenye mkia mfupi na mbio, tena watiwe kundi, ili hasira yake ikigawanywa kila mmoja apate kidogo. Chini watiwe wale wadogo wenye sharubu wanaofagia mchanga. Hao nao si mmoja mmoja, wakiwa wachache wanaogopa mpaka hawatoki.

"Anayekaa chini hagombani na anayekaa juu," akasema. "Hawakutani."

Sikuuliza kama hayo pia Mzee alimwambia, au ni yake mwenyewe.

Tukachukua wekundu wa katikati, mwenye duka anawaita plati, na wenye sharubu wa chini. Tukarudi na mifuko ya maji tumeikumbatia kama watoto wachanga. Watu wa soko wakatutazama. Watazame.

Nyumbani ndiko tulikogombana.

Kalekye akamteka Chifu kwa kichujio cha chai, akamtia kwenye karai lenye maji ya tangi, akalifunika kwa ungo maana ni mrukaji, akaliweka jikoni kwenye joto. Kisha akaniambia tuhamishe mawe yote. Nikasema hapana.

"Mawe haya aliyapanga Mzee."

"Ndiyo," akasema. "Na Chifu anayajua yote, moja moja. Ndiyo maana anaua. Wageni waingie kwanza, nyumba ikiwa imegeuzwa. Yeye arudi wa mwisho, asijue kona yake ni ipi. Akirudi naye ni mgeni."

Nikamwambia huwezi kuja nyumbani kwa mtu asubuhi na kufika jioni umeshahamisha alichoweka marehemu. Nilisema na mengine. Nilisema mambo ya zamani ambayo hayahusu samaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikidondosha maji kwenye sakafu yangu niliyopiga deki. Halafu akasema polepole, "Mimi siwezi kuyagusa, Mama Musyoka. Wewe ndiye mkubwa. Ukisema yabaki, yatabaki."

Akarudi nyuma hatua moja, akangoja.

Nilikuwa naona mahali Mzee alipoweka jiwe kubwa, ameliegemeza kwa jingine dogo ili lisiyumbe. Alikuwa na mikono mizito, lakini hilo dogo aliliweka vizuri sana. Nikapandisha mkono wa sweta, nikauingiza majini.

Maji yalikuwa baridi. Kalekye akasema ile fimbo ya kupasha maji, mtu aliichomoa siku nyingi. Sikuiona, kwa sababu sikuwahi kuitazama. Tukaichomeka. Lakini ile baridi ilinipanda mpaka kwenye kiwiko na nikaisikia. Naiandika hapa kwa sababu tangu mwezi wa tano sikumbuki kusikia kitu kingine.

Nikalitoa jiwe kubwa. Nikalilaza upande wa dirisha. Lile dogo sikulirudisha majini, nimeliweka juu ya kabati, na asiliguse mtu.

Tulingoja maji yapate joto. Mifuko ikaelea juu kwanza, samaki wakizoea kabla hawajafunguliwa, halafu tukazima taa ya tangi, tukawaachilia. Wenye sharubu walishuka moja kwa moja mpaka chini wakaanza kufagia, bila kuuliza. Wekundu wakajikusanya katikati. Hakuna aliyemfukuza mwenzake. Kalekye akasema Chifu arudishwe Jumamosi, si kabla, na siku hiyo atazamwe tangu asubuhi mpaka jioni, maana hapo ndipo itajulikana kama watakaa au hawatakaa.

Sasa yuko jikoni anamnyonyoa yule kuku. Nimemwambia manyoya asiyatupe kwenye sukuma. Anapika muthokoi pia, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, na nimeonja, ametia chumvi nyingi, kama watu wa Masii. Nitamwambia. Kwenye karai Chifu amekula punje mbili za chakula chake. Nimemwona kwa macho yangu, nimeinua ungo mwenyewe.

Jioni hii aliniuliza gari la mwisho la Masii linaondoka saa ngapi. Nikamwambia limeshaondoka. Sijui kama ni kweli, sikuangalia saa. Nikamtandikia chumba cha Ndinda, blanketi nzito, kwa sababu ya baridi na si kwa sababu nyingine.

Nimemwambia akae mpaka Jumamosi.

Sikumwambia Jumamosi gani.