Chumba Nilichokijenga Mtandaoni

Dada yangu mpendwa,

Kabla hata ya salamu nakuomba jambo moja. Nitakayokueleza humu usimsimulie mtu yeyote, si shemeji, si mama, wala yule shoga yako wa dukani ambaye kila siku unasema ni mtu wa siri. Isome barua hii ukiwa peke yako, halafu iweke mahali ambapo watoto hawafiki.

Sasa, hamjambo? Mgongo wa mama unaendeleaje na baridi hii? Na yule mpwa wangu mkubwa, ameacha kung'ata kucha? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Usishtuke, siumwi.

Katika barua yako ulinitania kwamba tangu nianze kuvaa tai nimekuwa mzee wa watu, ukauliza kama bado nacheza gemu. Bado nacheza. Ile ya mbio za magari, uliyokuwa ukinishinda nayo huku unanizomea, imetoka upya. Picha zake ni nzuri ajabu; mvua ikinyesha unaona matone yanavyokimbia kwenye kioo. Lakini magari yamekuwa mepesi kama makaratasi, na ukigonga ukuta hakuna kinachoharibika. Nikaichoka. Nikajaribu nyingine ya kujificha. Unatembea ndani ya nyumba yenye giza na kuna kitu kinakutafuta kwa kusikiliza hatua zako. Hiyo niliiacha siku ya tatu, maana nilianza kunyata hata kazini, mpaka karani mkuu wa mahakama akaniuliza kama viatu vinanibana.

Iliyoniteka ni gemu ya kujenga. Unapewa kiwanja kitupu, unajenga unachotaka, na wachezaji wengine wanakuja kukitembelea na kukipa alama. Wenzangu hujenga majumba ya kifalme. Mimi unanijua, sina ubunifu wa namna hiyo. Naweza kunakili tu. Nikaijenga masjala yetu.

Nilikwambia kwamba nafanya kazi katika chumba cha kuhifadhia mafaili ya kesi pale mahakamani. Tuko wawili tu, mimi na mkuu wangu, mama mtu mzima ambaye jengo zima linamwita Mama Masjala. Yumo humo mwaka wa ishirini na sita sasa. Nilijenga kila kitu: ngazi za kijani, kaunta yenye wavu, benchi la wateja lenye mguu mmoja mfupi, saa ya ukutani iliyokwama saa tano na robo, rafu zote kumi na nne, hata dirisha la nyuma ambalo komeo lake halishiki. Nilijisikia fundi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Zamani, kabla sijaajiriwa, mafaili yalikuwa yakipotea, na kesi isiyo na faili haisikilizwi. Mama Masjala akabuni dawa yake mwenyewe. Faili la kesi inayoendelea haliweki kwenye namba yake. Pale anaweka jalada lenye karatasi tupu. Faili lenyewe analificha kwenye rafu za kesi zilizokwisha, kwa kuigeuza namba: kesi ya 472 utaikuta nyuma ya 274. Hakuandika hilo popote. Siku aliyonifundisha alifunga mlango kwanza, akaniambia kwamba hata karani mkuu hajui, na kwamba nikilitoa nje atanivuta masikio mpaka nifanane na sungura. Tulicheka sana siku ile.

Sasa, gemu yangu ilihitaji fumbo ili wageni wasichoke. Nikaweka masanduku kwenye rafu na namba moja mlangoni. Anayefungua sanduku la namba hiyo analikuta tupu. Hazina iko kwenye namba iliyogeuzwa. Dada, watu walilipenda! Wiki moja tu walikuja wageni mia tatu. Kichwa kikavimba. Mmoja wao, aliyejiita Bundi, alikuwa hakosi hata siku moja. Akasifu rafu, akasifu mpaka benchi kama mtu aliyewahi kulikalia, halafu akaniuliza kwa upole mawazo haya nayatoa wapi. Nikamjibu kwa majivuno kwamba sikutunga kitu, ndivyo tunavyofanya ofisini. Akanipa alama kumi juu ya kumi.

Jumatatu iliyopita tulikuta faili moja halipo. Ni la wafanyakazi wanane wa kiwanda cha rangi waliounguzwa mapafu na mvuke wa dawa, na kesi yao inasikilizwa Ijumaa hii. Ndani yake kuna vyeti vyao vya hospitali, vyenyewe, si nakala. Lile jalada la karatasi tupu lilikuwa mahali pake, halikuguswa hata kidogo. Mwizi alikwenda moja kwa moja palipofichwa faili. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Nilipofika nyumbani nikafungua gemu kumtafuta Bundi. Jina lake limefutwa, na mahali palipokuwa na nyumba yake ni kiwanja kitupu.

Mpelelezi aliyekuja ni mtu mtaratibu, anaongea kama mwalimu wa chekechea. Alimuuliza Mama Masjala ni nani mwingine anayeujua mpangilio ule. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikingoja kulisikia jina langu. Mama akajibu kwamba ni yeye peke yake. Kisha akanionyesha kwa kidevu, akasema huyu kijana hata kupanga kwa herufi bado kunamtoa jasho. Mpelelezi akacheka. Na mimi nikacheka, dada. Siku hiyohiyo Mama Masjala akapewa barua ya kusimamishwa kazi, akatoka na sweta lake na kikombe chake, na mimi nikamfungulia mlango.

Jana alasiri nikaenda kwake nikamwambia yote. Alidhani niliropoka tu mahali, kama vijana wanavyoropoka. Nikamwonyesha chumba kwenye simu. Alikitazama, akauliza mbona rafu ya sita nimeiweka upande usio wake. Halafu akaniambia amebakiza miezi minne astaafu na mimi nina miaka thelathini mbele yangu, kwa hiyo nikifute hicho kidude, nifumbe mdomo, na nisirudi kwake na uso huo wa msibani.

Nilitaka kumtii. Lakini nikikifuta chumba, yanafutika pia maneno yote aliyoniandikia Bundi, pamoja na siku na saa alizoingia. Hakuna alama nyingine iliyobaki ya huyo mtu. Leo asubuhi amekuja kwenye kaunta mmoja wa wale wanane. Sauti yake haitoki, anaongea kwa pumzi tu. Ameuliza kama Ijumaa ni ileile. Nimemjibu kwamba ni ileile, akanishukuru, akaketi kwenye benchi kupumzika kabla ya kushuka ngazi.

Basi kesho saa mbili nampelekea mpelelezi kompyuta yangu, simu, na jina langu. Nisalimie nyumba nzima. Mama mwambie nina kazi nyingi.

Usinipigie simu, itapokelewa na mtu mwingine. Ofisini pia usipige. Niandikie kupitia kwa Mama Masjala: mjumbe wako akishuka kituo cha hospitali afuate barabara ya kiwanda cha mbao, nyumba ya nne mkono wa kushoto, mlango wa bluu. Hajui kwamba sitamtii. Akikataa kupokea barua kwa hasira, mjumbe wako asibishane naye; aipitishe chini ya mlango.

Mdogo wako akupendaye