Msiba wa Bomba la Roketi

Mama Rehema, mrembo wangu,

Durban upepo na pilipili vinanigombania. Jana nilikwenda kumkagua huyu Mkongo anayetaka kumwoa binti yetu. Nikamkuta kwenye duka lake la simu na wenzake, wote wameshika vichwa, yeye anafuta machozi. Nikavua kofia, nikakaa chini, nikasema, "Poleni wanangu. Mazishi lini?"

"Papa, si mutu. Ni ile bomba ya kusukuma roketi ipande angani. Iliruka mara mingi, inarudi yenyewe, leo imezama baharini."

Na wala si yake! Wanaifuatilia tu kwenye simu, kila safari. Nimekaa matanga ya bomba, hadi sasa sielewi. Lakini anayelilia chuma cha watu hivi, Rehema akiugua si atazimia? Nimemkubali.

Ukiniota, niote kijana.

Mzee wako