Wanaojifunzia kwa Mwanetu

Mdogo wangu,

Sisi wazima, na paa la jikoni limeshazibwa. Umeuliza habari za mwanetu. Hospitali anakotibiwa imeongeza nafasi za kusomea udaktari wa magonjwa ya akili, na madaktari wanafunzi wamejaa wodini. Zamani daktari alikuwa mmoja tu, anaandika dawa bila kumtazama mgonjwa usoni. Huyu wa sasa, binti mdogo, anakaa na mwanetu saa nzima wakizungumza. Nikaingiwa na shaka. Wema gani huu wa bure? Nikamvaa kwenye korido.

"Mnajifunzia kwa mwanangu?"

"Ndiyo, mama," akasema bila kupepesa macho. "Lakini mwalimu wangu anakagua kila ninachofanya."

Sikuridhika. Jana nikatega sikio mlangoni. Nikamsikia mwanetu akieleza kwa nini hagusi chakula nyumbani: kuna sauti inamwambia ninamtilia sumu. Kumbe muda wote huo alikuwa akinishuku mimi niliyemzaa! Nikageuka niondoke, mlango ukafunguliwa. Mwanetu akanitazama, kisha akamwambia daktari, "Mwache aingie. Lakini akae upande wako."

Nikaingia, nikakaa aliponitaka.

Wako wa tumbo moja,
Dada