Mbuyi Hatapanda Ndege Peke Yake

Mpendwa bwana yangu, Shambuyi,

Mi nakuandikia kwa mukono juu ya vile ku telefoni unanishinda. Nikianza kusema, unasema, "Ngoja kwanza, sikiliza." Nikisikiliza, reseau inakatika pale zamu yangu inafika. Karatasi haiwezi kunikatiza. Unajua masomo yangu ilifika mpaka mwaka ya tano, basi mahali nimekosea, soma vile unajua sauti yangu. Na barua hii sitaifunga. Bamama ya kanisa beko wengi wenye mabwana yao beko mbali. Kama banataka kusoma, basome.

Visa ilitoka, yangu na ya Mbuyi. Ya Kabanga balikataa. Hiyo unaijua. Kitu haujui ni namna jibu yako ilifika hapa kwetu, na nani aliisikia wa kwanza. Nitafika pale. Mbele ya kufika pale nataka nikukumbushe we ulikuwa nani, juu naona Bulaya imekusahaulisha.

Unakumbuka siku mapasa yetu ilizaliwa? Mbuyi alitoka wa kwanza, Kabanga akafuata, na mbele ya mi kuuliza kama beko na vidole yote, mama yako alikuwa ameshaanza kuimba mu kiwanja ya hospitali. Nyimbo ya mapasa, ile ya matusi. Muuguzi moja akaziba masikio, mwingine akaanza kuitikia. We ulikuwa umetoka moja kwa moja ku kazi. Walikupaka udongo mweupe ku uso, ukacheza na biatu yako ya mine, ya machimbo, ile nzito, unapiga matope mpaka ukuta ikachafuka. Mi nilikuwa naangalia ku dirisha, nacheka na mushono inaniuma.

Mama yako akakushika sikio mbele ya bantu bote.

"Tangu leo jina yako ya zamani imekufa. Uko Shambuyi, baba ya mapasa, na bibi yako ni Mwambuyi. Ukinunua sabuni, nunua mbili. Ukisalimia moja, salimia mbili. Ukimupa moja na kumunyima mwingine, umeshamufukuza."

"Na kama niko na yai moja tu?"

"Utaacha kula yai!"

Bantu walicheka, we ukacheka kupita bote. Lakini uliishika ile neno. Mi ni shahidi.

Batoto walikuwa na miaka mbili, we unafanya kazi Tenke. Ulitakiwa kuingia hapa siku ya posho, siku ya sita. Posho ikapita. Yenga, siku ya kanisa, ikapita. Nilipiga telefoni, hakuna. Nilikwenda kusimama ku barabara, kila gari inatoka Tenke naangalia kama iko na damu. Siku ya kwanza ya juma ndio ulitokea, vumbi mpaka mu kope, na mu kila mukono kamioni ya plastiki, ya manjano, sawa ile kubwa inabebaka mawe mu mine. Nilikutukana sana. We ulisema muuzaji alikuwa na moja tu, uliinunua, ukapanda gari, na katikati ya njia ukashuka ukarudia Tenke kwa miguu na kwa motopikipiki ya bantu, ukalala pale ukingojea mwenye duka alete ya pili.

"Siwezi kuingia mu nyumba yangu na moja," ulisema. Kisha ukalala palepale ku mukeka, na batoto walikupandisha kamioni ku mugongo.

Huyo bwana ndiye namuandikia. Kama eko bado, asome. Kama hayuko, umupelekee.

Sasa hii safari. Mi sikuiomba, unajua. We mwenyewe ulituma ku telefoni picha ya ule muji ya michezo, kila kitu imejengwa na tofali ndogo ya plastiki: nyumba inafika ku magoti, daraja, mashua, mpaka tembo. Ulisema, "Nataka batoto yangu waingie pale, nibashike mukono, moja huku, moja huku." Uliona vile walivyolia kwa furaha, lakini haukuona kitu kilifuata. Kiwanja yetu ilikwisha kupotea. Walikusanya bifuniko ya chupa, bipande ya matofali, makopo ya nyanya, wakajenga ule muji karibu na bomba. Siwezi kuanika nguo, nakanyaga kanisa. Na kuingia ni kulipa. Mbuyi anasimama ku mulango na mukono wazi:

"Mama, kiingilio ni karanga moja."

"Moja tu?"

"Moja ya mi, moja ya Kabanga."

Mama yako, na ile miguu yake inavimba, anapitaka pale kila asubuhi na karanga zake mbili, halipi moja hata siku moja.

Walijifunza kukaa mu ndege ku mabenchi ya jikoni. Kabanga ndiye anafunga bantu mukaba na kitambaa yangu, na kusema kama Mufaransa. Siku ya kupiga picha ya paspoti, yule kijana wa studio alimupiga Mbuyi, akamutupia Kabanga jicho mara moja, akaanza kufunga mashine. "Mama, huyu nimeshamupiga." Tulicheka mpaka akatoa kiti ya pili, akabaketisha pamoja ndipo akaamini. Mi nilisema mu moyo, kumbe hakuna muntu katika dunia atakayesema hawa hawana baba moja.

Kumbe beko.

Ku Lubumbashi, ku ile ofisi ya visa, binti wa dirisha alinipenda, siwezi kudanganya. Aliniita mama, alinipa maji. Lakini alishika karatasi mbili za kuzaliwa, akaniuliza polepole:

"Mama, huyu wa pili, baba yake ni nani?"

"Ni yule yule."

"Huyu anabeba jina ya familia ya baba. Huyu anabeba jina ingine."

"Angalia uso yao, binti yangu!"

"Uso haiko mu dosie, mama. Kule wanaangalia karatasi."

Shambuyi, ile jina ingine ni we uliitoa. Nilikuwa pembeni yako ku komini, pa kuandikisha batoto, nabeba batoto bote bawili, mukojo inashuka ku kitenge. Ulisema, "Mbuyi achukue jina ya baba yangu, Kabanga achukue ya baba yako. Moja kwetu, moja kwenu, mapasa hayainamishi nyumba upande moja." Baba yangu alikuwa amepanda gari ya moshi kutoka Kasaji kuya kuona batoto. Aliposikia jina yake, alitoa kofia, akageukia ukuta. Yule muzee hakuliaka. Kisha miezi tatu akakufa na ile furaha. Leo heshima uliyomupa ndiyo wanaitumia kusema mutoto si wako.

Wanataka kipimo ya damu, yako na ya Kabanga, ipite Kinshasa, irudi. Sawa. Ilinichoma. Mi bibi ya ndoa, mwimbaji ya kanisa, niende kuonyesha na sindano mutoto wangu nimemuzaa na nani? Dada ya studio ya nywele aliuliza na kicheko, "Mwambuyi, uko na uhakika?" Nilitoka pale na kichwa nusu imesukwa. Lakini nilijiambia, juu ya Kabanga nitakubali hata hii. Nikakutumia habari. Nikangojea jibu.

Sasa sikiliza namna jibu ilifika. Ilikuwa yenga, tumetoka kanisani, mi nachambua mboga ya lengalenga, mikono imejaa udongo. Telefoni ikalia. Nikasema, "Kabanga, fungua sauti ya baba tusikie." Ni yeye alifinya. Sauti yako ikatoka yote mu kiwanja:

"Mwambuyi, usisikie mubaya. Kipimo itakawia, na tiketi ya muji ya michezo iko na siku yake, tukingoja itapotea. Kuya huku we na Mbuyi kwanza. Kabanga abakie na mama yangu, kambo yake. Eko mutoto mupole, ataelewa. Yeye tutamupangia mwaka ingine."

Mi niliruka, lakini mikono chafu haifinyi telefoni. Ilisema mpaka mwisho.

Kabanga aliiweka ku meza muzurimuzuri, sawa sahani.

"Mama, mupole ndiye anabakiaka?"

We haukuwa hapa ya kumujibu. Mbuyi ndiye alijibu, unamujua na kinywa yake:

"Hapana, mujinga we! Tutafanya zamu. Mi napanda ndege ya kwenda, naona nusu. Narudi, nakupa paspoti, na we unaenda kuona nusu ingine. Nani atajua?"

"Na nikiulizwa jina?"

"Unasema Mbuyi. Ni ngumu?"

Mama yako alicheka mpaka akakohoa. Na mi, Mungu anisamehe, nilikaa dakika moja mzima nafikiri ile mupango ya mutoto wa miaka munane. Ona mahali umenifikisha.

Nikuambie na kitu ingine, usikasirike, ao kasirika. Yenga iliyofuata, ulipopiga ya video, mi nilikutega. Nilimuweka Kabanga mbele, peke yake, akivaa robe yake ya kijani. Nilijiambia, ataona. Zamani ulikuwa unalala upande ule wa ukuta, moja akikohoa mu giza unasema, "Huyo ni Kabanga, mupe maji," na haukukosea hata mara moja. Wakati mi mama yao nachanganyikiwa mu kuosha, naosha moja mara mbili, we ulikuwa unacheka.

Ulisema, "Eeh, Mbuyi mama! Umetayarisha mufuko?"

Akasema, "Ndiyo, baba."

Hakukusahihisha. Alikujibu na adabu, mu nafasi ya dada yake, na akaongeza, "Tutaonana kule." Mi nikamunyanganya telefoni, nikakata. Nilisema reseau imekufa. Haikuwa reseau, Shambuyi. Ilikuwa mi.

Najua kazi yako ni ngumu. Najua ile depo ya baridi unabebamo masanduku, na najua unalala katika chumba na bantu watatu wanaokoroma luga tatu. Unapoona picha ya batoto, unaona usingizi. Sikuiti muntu mubaya. Lakini miaka mitano ni mingi, na mutoto haishi mu telefoni. Kabla ya safari hii mi nilikuwa nasema, tufike tu, akibashika mukono atakumbuka. Nilitafuta makoti mu marobo, mitumba ya soko, nilizunguka juma mbili juu ya kupata mbili ya rangi moja. Mi pia nilitaka kuona ule tembo. Usifikiri hasira yangu ni ya muntu asiyetaka kusafiri. Nilikuwa nimeshajiona pale, na biatu mupya, nashindwa kutembea.

Pasta alinishauri niende na Mbuyi. Alisema, "Mama, mambo ya mapasa ni ya bakambo ya zamani, mukristo haogopi tena." Nilimujibu: "Pasta, mi siogopi roho ya mapasa. Naogopa Kabanga kusimama ku mulango, na mufuko moja inatoka." Kisha akaomba na sisi, akaomba juu ya bote bawili, akabataja.

Mama yako yeye hakusema mingi. Alisema tu, "Muulize kama anakumbuka nani alimushika sikio."

Basi sikia mupango yangu, na hii haingojei reseau. Mbuyi hatapanda ndege peke yake, bila Kabanga. Nimemuambia, hakulia, alisema, "Nilijua," na akarudia kujenga. Kabanga ndiye alilia, akasema ni yeye ameharibu. Kwa hiyo leo, siyo kesho, nataka uombe ruhusa ku kazi, uende mahali wanachotea damu, utoe yako. Mi nitamupeleka Kabanga Lubumbashi juma hii. Nimeshamufundisha aangalie pembeni sindano ikikuya. Visa yangu ikizeeka, izeeke. Nitaomba ingine. Aibu niliyonayo imeshazoea mu mwili. Na ukipata ruhusa ndefu kuliko ya kipimo, kuya we hapa. Muji wao ya bifuniko ya chupa haina visa.

Na ile siku ya tiketi ikifika mbele ya karatasi ya damu, sitaki ubakie mu chumba na kunihesabia makosa. Vaa muzuri, uende ku ule muji ya michezo. Wakikuuliza ku mulango muko wangapi, usione haya, sema muko bane na batatu bado hawajafika. Wakitaka majina, uwape yote, polepole, mpaka waandike. Na mara hii uanze na Kabanga.

Funga shingo juu ya ile baridi. Kula. Mungu akulinde mpaka tukusumbue kwa mikono yetu wenyewe.

Ni mi bibi yako,
mama ya Mbuyi, mama ya Kabanga