Treni ya Butere Iliyompita Mama Mkwe

Shieywe, Jumanne. Mvua ya saa tisa imeshuka na radi zake, na mimi sina raha tangu asubuhi.

Wasomaji mmeniomba historia ya reli ya Butere kwa kuwa niliwahi kuifanyia kazi. Haya. Ni reli fupi, inatoka Kisumu, inapanda Maseno na Luanda, inafika Butere na kuishia hapo. Ilibeba mahindi, kuku, maiti na watu wa kwenda kutafuta kazi. Uhuru ulipoingia nilikabidhiwa kituo kidogo ambacho kabla yangu kilishikwa na Mhindi. Nilipewa kofia na bendera. Abiria akiwepo, nainua bendera. Nisipoinua, treni haisimami. Loo, nilivyoringa!

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu.

Mwaka huohuo nilikuwa nimeoa. Kwetu humtazami mama wa mkeo usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Asubuhi moja mama mkwe akaja kituoni na kikapu cha chakula. Baba mkwe alikuwa amelazwa Kisumu, hali mbaya. Nilijua.

Nikajificha nyuma ya ghala, bendera mkononi. Naye, kwa heshima hiyohiyo, akakipa kituo mgongo, akasimama palepale ninaposimama mimi kuinua bendera. Nikangoja asogee. Hakusogea. Treni ikapiga honi kwenye kona, nikajiambia dereva atamwona mwenyewe.

Treni ikapita.

Siku hiyo hapakuwa na nyingine. Alipofika Kisumu kesho yake, mzee alikuwa amefariki alfajiri.

Matangani nilisema bendera niliinua, dereva ndiye aliyepuuza. Hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Mama mkwe alikufa akimlaani mtu asiye na kosa.

Nisiisingizie mila. Ningeweza kushusha kofia usoni nikatoka. Niliogopa kuitwa mkwe asiye na adabu, basi nikamnyima mke kuagana na mumewe. Hilo linanichoma mpaka leo.

Mchana, tukila obusuma, ugali wetu, nilimwambia mke wangu naandika habari za reli. Akaacha kula.

"Baba Awinja, andika na yule dereva," akasema. "Mimi namkumbukanga kila siku. Aliona mama amesimama, akapita tu. Andika, watu wamjue."

Nikaitikia kwa kichwa, kama nilivyozoea. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imepita nusu karne.

Macho ya mke wangu yamepungua nguvu, hasomi tena simu. Nilipoanza kuandika hapa nilikuwa nalitegemea hilo, na huo ni unafiki mwingine.

Sasa hivi nimemwita nimsomee. Namsikia anafuta mikono jikoni. Anakuja upesi, anataka kusikia dereva akitajwa.