Siwezi Kulalamika

Aberdeen, 3 Februari

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Goti linasemaje? Sisi huku hatujambo, ila baridi.

Ningepiga simu, lakini najua utaitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusikia neno. Basi soma: tumeshinda! Mchunguzi wa malalamiko amesema halmashauri ilifanya kosa kukuacha kitandani umelowa mpaka saa tano, ukimsubiri mhudumu wao wa saa mbili asubuhi. Wanakuomba radhi, na wameahidi wahudumu watafika kwa wakati. Tarehe kumi na mbili atakuja Bi. Lomax kupima upya unahitaji msaada gani.

Baba, nakujua. Usinyoe ndevu. Usivae tai. Mwache akuone ulivyo, umweleze ukweli wote, hata wa suruali kulowa.

Mwanao,
Hazel

14 Februari

Hazel mwanangu,

Barua nimeipata, nami ni mzima, goti ni lilelile. Bi. Lomax alikuja. Binti ana adabu zake.

Usinigombeze. Nilianza kujiandaa tangu alfajiri. Soksi peke yake zilinichukua saa nzima. Nikavaa tai. Nikamwandalia chai, na biskuti kwenye sahani nzuri za mama yako. Akauliza, "Unaendeleaje, Bwana Sugden?" Nikamjibu, "Siwezi kulalamika." Ulitaka niseme nini? Mgeni ameshika kikombe changu, nimwanzie habari za choo?

"Chai umepika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akaandika. Alipoondoka nililala na viatu vyangu, sina nguvu ya kuvivua. Na jambo moja nalisema mara hii tu: naogopa. Wakijua nilivyo, wataniondoa humu.

Babako

1 Machi

Baba,

Natumaini u mzima. Mimi nina hasira. Nimeletewa nakala: "Bwana Sugden anajimudu, anajipikia chai." Wamefuta ziara ya mhudumu wa mchana! Miezi kumi na minne nimelalamika kwa ajili yako, nawe umeiharibu kazi yangu kwa sahani ya biskuti. Nimelia, baba.

Leo hii naandika tena. Hakuna atakayekuondoa nyumbani kwako, nakuapia. Waambie tu hujimudu. Nijibu upesi.

Mwanao,
Hazel

18 Aprili

Baba mpendwa,

Pole tena. Manesi wanasema sasa unakula. Tangu nikuache hapo hospitali sipati usingizi. Ulianguka saa nne asubuhi na birika mkononi, ukalala sakafuni mpaka saa kumi na mbili jioni Danuta, mhudumu wako wa jioni, alipoingia. Hakuchelewa hata dakika. Hilo wamelirekebisha kweli. Mchana hakuja mtu kwa sababu hakuna aliyepangiwa.

Lalamiko la pili wamelikubali wenyewe, bila kubishana. Kuanzia sasa mpimaji atafika asubuhi kabla mzee hajavikwa nguo, na atakaa naye mtu anayemjua. Utaratibu mzuri, na wataanza na wewe ukirudi nyumbani. Kazini wamenikatalia ruhusa, kwa hiyo Danuta atakuwepo. Nisamehe kwa maneno yangu ya Machi.

Mwanao,
Hazel

30 Mei

Hazel mwanangu,

Salamu kwako. Nyonga iliyovunjika inaunga polepole. Samahani kwa mwandiko.

Mpimaji alikuja saa moja, akanikuta na pajama. Mwanamume mpole. Alivuta kiti, hakutoa kalamu. Danuta akanishika mkono, akasema, "Haya, Cliff, leo usijifanye bwana harusi." Nikamweleza yote. Choo. Jiko ninaloliacha linawaka. Siku ninazomwita marehemu mama yako kutoka ngazini na kukasirika haitikii. Nikalia mbele ya mtu nisiyemjua, mimi Clifford Sugden. Alinisikiliza asubuhi nzima, hakutazama saa hata mara moja.

Kisha akasema kwa hali hiyo hata ziara nne kwa siku hazitoshi.

Nimehamia huku kwenye makao ya wazee Jumanne. Tuko wazee ishirini na wawili. Wanabisha hodi kabla ya kuingia, na chakula kinafika kwa wakati. Funguo za nyumba anazo Danuta mpaka uje.

Usilalamike tena, mwanangu. Safari hii hakuna aliyekosea.

Babako