Sauti ya Mama Chuma Imo Kwenye Droo Zenu

Dada, wameshakuona. Wameiona picha yako hapo juu gazetini, wewe na fulana yako nyeusi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na sasa wanatafuta pa kupeleka macho. Huyu anajifanya anasoma tangazo la pembeni. Yule amekumbuka ghafla kwamba ameacha maji jikoni. Tunawajua. Waache kwanza. Tuongee sisi, wao wasikie.

Mwaka umezunguka tangu asubuhi ile ulipolala ukiwa umemshika mumeo mkono, usiamke tena. Umezunguka kama kaseti inavyozunguka, gurudumu moja likinenepa na jingine likikonda, na sisi tumo katikati, utepe mwembamba unaovutwa kutoka siku ulizokuwapo kwenda siku ambazo hupo.

Chumba chako cha mbele hatujakigusa. Cherehani iko palepale dirishani. Mchana, jua likipenya kwenye lile pazia la kijani uliloliunga kwa mabaki ya vitambaa, chumba chote kinakuwa kama kiko chini ya maji, na vumbi la pamba linaelea, halitaki kutua. Mtu akikaa humo kidogo anaanza kusikia ngoma. Mumeo amezisikia. Binti yako amezisikia. Na mimi mdogo wako, ambaye siamini nisichokishika kwa mkono, nimezisikia, nikaangalia huku na huku kama mwizi.

Mjomba bado anasimulia ulivyoanza. Ulikuwa msichana wa shule, umetumwa umpelekee chakula kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio. Mezani kulikuwa na redio kaseti ya mteja, mgongo wazi, inanguruma.

"Mjomba, hii bado mbovu."

"Si mbovu. Nimeshaitengeneza."

"Mbona inalia hivyo?"

"Ndivyo wanavyoimba."

Ukaweka sahani chini, ukavuta kigoda, ukakaa. Chakula kikapoa. Mjomba anasema ulisikiliza upande mzima mdomo wazi, halafu ukamwambia, kwa sauti ya mtu aliyefika kwao, "Geuza."

Mwenye redio alipokuja, alisema kaseti si yake, aliazimwa na mtu ambaye ameshahama. Ikabaki kwako. Ndivyo hevi metali, huo muziki wa chuma kizito, ilivyoingia kwenye ukoo wetu: kwa kuazimwa. Hukulisahau hilo mpaka mwisho.

Ulishona maisha yako yote, na ulishona kwa ngoma. Wateja walijua. Suruali za kazi na aproni zilikwenda na nyimbo za mbio, zile ambazo mpiga ngoma ana miguu miwili na yote imekasirika. Mguu wako ulimfuata kwenye kanyagio, na mapindo yakaisha chai haijapoa. Kola zilitaka nyimbo za mwendo wa kati. Gauni la harusi lilingojea zile ndefu, zinazoanza na gita moja linalodondoka kama bomba lisilofungwa vizuri, mpaka lije furiko. Bibi harusi mmoja alikukuta na gauni lake mapajani, machozi yanakutoka, akadhani umelichoma pasi.

"Hapana, mwanangu," ukamwambia. "Ni hili gita tu. Simama nikupime kiuno."

Na kiwanda cha sare? Wengine wamekisahau, mimi nakikumbuka. Msimamizi alizima redio yenu, akasema kelele zinachelewesha kazi. Kesho yake hukubishana naye. Ulianza kukanyaga tu, taka-taka-ta, taka-taka-ta, na jirani yako akafuata, na safu yake ikafuata, mpaka cherehani za chumba kizima zikawa zinapiga wimbo mmoja na vioo vya madirisha vinajibu. Msimamizi alirudi na redio mkononi, akaichomeka mwenyewe, akakwambia, "Basi, mama, basi. Nimesikia." Jioni ulipotusimulia, ulikuwa umetumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, unacheka mpaka maji yanamwagika. Tangu siku ile wakakuita Mama Chuma.

Jirani yetu, yule mwalimu mstaafu, alikuja mlangoni siku ya kwanza ulipohamishia kazi nyumbani, uso umekunjamana.

"Mama Chuma, huo ni muziki au kuna ajali?"

"Ajali, Mwalimu! Ingia uokoe watu!"

Akaingia, alikuwa mtu wa kuitikia wito. Akakaa mpaka jua likahama sakafuni, na alipoondoka alikuwa anatikisa kichwa, lakini si kwa kukataa. Siku hizi anapita mbele ya mlango wako polepole kuliko uzee wake unavyodai.

Waliosema ni muziki wa mashetani nao tunawajua. Suruali zao ulizipunguza wewe.

Tunakumbuka raha zako, dada, maana ulikuwa nazo za kila siku na hukuzihesabu kuwa ndogo. Ncha ya mkate, ile ngumu, aliyokuletea mumeo kutoka kwenye tanuri la kazini, bado ya moto, imefungwa kwenye aproni yake. Chai isiyo na sukari kwenye kikombe kilichomeguka sikio. Nyanya zako kwenye makopo ya rangi, ambazo ulidai zinaiva haraka zikisikia gita zito. Fulana nyeusi uliyoifua kwa kuigeuza ndani nje, ukaianika kivulini ili mchoro usipasuke, ukaipiga pasi kama joho la hakimu. Siku ya harusi ya binti yako uliivaa ndani ya gauni la hariri, ukatuonyesha ukosi tu, ukakonyeza.

Mumeo, mwoka mikate, alirudi kutoka kazini kila asubuhi na kulala mchana, cherehani na magita vikipiga upande wa pili wa ukuta. Watu walimwonea huruma. Kumbe alikuwa halali bila hayo. Sasa analala vipande vipande. Anasema ukimya unamwamsha.

Sasa nifike kwenye lile ninalotaka hawa wanaosikiliza walisikie.

Wewe ulipima watu, na ukipima ulijua. "Umepungua kiuno," ulimwambia mtu. "Nani anakusumbua?" Mtu akicheka, ulinyamaza. Akinyamaza, ulijua. Nguo yake ikiwa tayari ilikuwa inatoka na kaseti mfukoni, umeirekodi mwenyewe, kwa ajili ya mtu huyo tu. Ulifunga mlango, ukabonyeza kitufe chekundu, na kabla ya wimbo wa kwanza ukaongea naye. Sisi tulisikia kupitia ufa wa mlango:

"Haya, wewe uliyepungua kiuno. Hii ni yako peke yako. Usiisikilize kwa sauti ya chini, utaniudhi. Wimbo wa kwanza utakutisha, vumilia. Wa pili, kasirika nao. Wa tatu, lia, hakuna anayekuona. Upande wa pili ni wa kuoshea vyombo. Ukishachangamka, rudisha."

Hukuandika popote nani amechukua nini. Tulipokugombeza ulisema, "Itarudi ikimaliza kazi." Wakachukua. Wakachangamka, tuliwaona njiani wamenyoosha shingo. Hawakurudisha. Na utepe ukikatika kwa mmoja wao, huyo alikumbuka njia ya kwako vizuri sana! Nawe ukatoa mkasi wako mkubwa, ule ambao aliyethubutu kuukatia karatasi aliambiwa akakate kwa meno, ukakata ncha mbili za utepe mshazari, ukaziunga kwa selotepu, ukaviringisha kwa penseli, ukamrudishia, akaondoka nayo tena.

Halafu ugonjwa ukaja, na ukachagua koo. Sauti ilikutangulia. Miezi ile ya mwisho uliongea nasi kwa vidole mezani, taka-ta kwa ndiyo, ta moja kwa hapana, na ta nyingi za haraka kwa "mdogo wangu, acha kuhutubia."

Ulipoondoka tuliitafuta sauti yako. Kwenye simu hakuna kitu. Tulipokupigia, ulipokea ukaielekeza simu kwenye spika, na ukiombwa ujumbe wa sauti ulisema, "Anayetaka kunisikia aje." Kwenye video ya harusi unacheka kwa kinywa kipana, na muziki umekufunika. Tukashusha kaseti zako zote kutoka kwenye rafu, tukazisikiliza moja baada ya moja, tumeketi sakafuni chini ya yale maji ya kijani. Ngoma, gita, ngoma. Wewe hupo humo. Kwenye zako mwenyewe hukuongea. Ungeongea na nani?

Ndipo tulipoelewa, dada. Sauti yako yote uliigawa. Imo kwa watu.

Aliyerudisha ni mmoja, fundi bomba, na tunamsifu hapa hadharani kwa sababu alikuja. Uliwahi kumrekodia alipoachwa na mkewe. Alisimama mlangoni na kaseti ameishika kwa mikono miwili kama kifaranga. Mjomba akasafisha kichwa cha redio kwa pamba. Binti yako akakaa na mwanawe mapajani, yule mjukuu uliyemshonea nguo kabla hajazaliwa na hukumwona. Mumeo akavua kofia.

Ikabonyezwa. Tukasikia kitasa cha mlango wako. Tukasikia kiti. Tukasikia unavuta pumzi, ile ya kabla ya kusema "haya".

Halafu tukasikia uwanja wa mpira. Mtangazaji anapiga kelele, fulani anampasia fulani, krosi inachongwa, watu wanasimama.

Fundi bomba akawa mwekundu wa macho. "Nilirekodi kipande cha mchezo," akasema. "Sikuwa na kaseti nyingine. Nikachagua mahali pasipo na wimbo, ni maneno tu, nisije nikaharibu muziki wake."

Alikuwa amekuheshimu. Aliulinda kila wimbo uliompa, hata sekunde moja hakuigusa, akafuta kitu pekee ambacho hakipo mahali pengine duniani. Tukaacha mpira uendelee kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kunyoosha mkono. Na kabla mpira haujafika golini, mchezo ukakatika, na ukatoka wewe:

"...shachangamka, rudisha."

Hayo tu. Koo zima, la zamani, lenye kicheko nyuma yake. Mtoto akageuza kichwa kwenye spika na kukaa hivyo, anangoja. Mumeo akasema, "Tena." Tukarudia. Akasema, "Tena." Mjomba akamshika mkono. Utepe umechoka, kila ukipita unachunwa, na tukiupenda hivi tutaumaliza. Kwa hiyo sasa tunausikiliza mara chache, kama watu wanaoonja asali ya mwisho. Mumeo siku hiyo analala. Tumeona.

Tumekuota, dada. Binti yako alikuota unamshonea mtoto kanzu ndefu isiyo na mwisho, nyeusi, inatoka kwenye cherehani, inapita dirishani, na kwenye kila nyumba iliyo njiani kuna mtu ameshika pindo. Mimi nilikuota umekaa kwenye ngazi ya mlango, umevaa fulana yako, unakula ncha ya mkate, na unafungua mdomo kuniambia kitu. Nikaamka nimetega sikio.

Wanaokukumbuka: mumeo, ambaye bado anakuletea ncha ya mkate na kuiweka juu ya cherehani mpaka ipoe, binti yako na mkweo, mjukuu wako anayepiga sufuria kwa miguu yote miwili, Mjomba, ambaye ameiweka redio tayari, wadogo zako, fundi bomba, ambaye tumemfanya ndugu apende asipende, na Mwalimu, aliyesema asipotajwa humu atakuja kupiga mlango. Siku zote tutakuwa nawe, dada, mpaka spika yetu ya mwisho ipasuke.

Na sasa ninyi.

Wewe uliyeachwa, wewe uliyefukuzwa kazi, wewe uliyezika mtoto na hukuweza kulia mpaka wimbo wa tatu. Yeye alikutazama kiuno akajua. Hakugeuza macho. Ile kaseti uko nayo. Iko kwenye droo ya chini pamoja na betri zilizokufa, iko kwenye boksi la siku mlipohama, iko juu ya kabati na unyevu unaiotesha ukungu wakati unasoma maneno haya. Umesema utairudisha wikendi. Umesema hivyo tangu yuko hai. Usirekodi kitu juu yake. Usiijaribu kwenye redio yako mbovu ikautafuna utepe. Ilete ilivyo, hata imekatika, hata haina jalada. Mlango ni uleule, dirisha la pazia la kijani, na hakuna atakayekuuliza umekaa nayo kwa nini. Hata mimi nitanyamaza, na mnajua hiyo si ahadi ndogo.

Kuna mtoto amegeuza kichwa, anangoja bibi yake amalize sentensi.

Weka hili gazeti chini. Fungua hiyo droo. Mmeshachangamka. Rudisheni.